Kusomea filamu chuo kikuu Nairobi: kuanzia KUCCPS hadi filamu ya kuhitimu

Mengi yanayofundishwa mwaka wa kwanza wa kozi ya filamu unaweza kuyapata bure mtandaoni ukiwa umelala kitandani Umoja au Githurai. Jinsi ya kuweka fokasi, ISO ni kitu gani, namna ya kukata na kuunganisha picha kwa DaVinci Resolve, ambayo hata toleo lake la bure litakutosha hadi uhitimu. Kwa hivyo mzazi akikuuliza, "Sasa huko chuoni unaenda kufanya nini?", hajakosea kuuliza. Jibu ni kwamba unafuata watu na stoo. Watu ni wale wa rika lako watakaobeba taa zako leo na kukuita kazini miaka kumi ijayo. Stoo ni ile yenye kamera, maiki na taa ambazo hungeweza kuzinunua. Chuo kisichokupa hivyo viwili kitakuuzia cheti tu, na katika kazi hii hakuna anayeuliza cheti kabla ya kuuliza, "Nionyeshe ulichotengeneza."

1. Soma orodha ya yuniti, usiishie kwenye jina la kozi

Nairobi ina kozi nyingi zenye neno "midia" au "mawasiliano", na nyingi kati yake ni za uanahabari zilizotiwa filamu kidogo. Si kozi mbaya, ila utamaliza ukiwa umeandika taarifa za habari nyingi kuliko filamu. Omba orodha ya yuniti za miaka yote, kisha uhesabu ni ngapi zinazokutaka utoke nje na kamera. Zikiwa mbili au tatu, hiyo ni kozi ya mawasiliano hata kama picha ya tangazo lake ina mtu aliyeshika kamera.

Chuo Kikuu cha Kenyatta, barabara ya Thika, kinafundisha filamu pamoja na sanaa za maonyesho. Hilo linamfaa sana anayetaka kuwa mwelekezi, kwa sababu wengi wanaoipenda kamera hawajui kabisa namna ya kuzungumza na mwigizaji. USIU-Africa, upande wa Kasarani, ina shahada ya utayarishaji na uelekezaji wa filamu. Ni chuo cha kibinafsi, kwa hivyo kaa na familia yako mkapige hesabu ya karo ya miaka yote, si ya muhula wa kwanza tu. Multimedia University, barabara ya Magadi, ina kitivo cha midia na mawasiliano, na huko ndiko hasa unapopaswa kusoma orodha ya yuniti kwa makini, kozi moja baada ya nyingine.

Shahada inadai C+ ya wastani katika KCSE, mtihani wa kidato cha nne. Ukiwa chini ya hapo, usikate tamaa wala usiende kununua nafasi kwa watu wa vichochoroni. Diploma huanzia C-, na baadhi ya mafundi bora wa kamera na sauti nchini hawajawahi kuvaa joho la shahada. KIMC, taasisi ya serikali ya mawasiliano kule South B, ilianzishwa 1961, na imekuwa ikifunza watu wa filamu na utangazaji tangu kabla ya Kenya kupata uhuru. Africa Digital Media Institute nayo inafundisha filamu kwa mtindo wa kazi za mikono zaidi ya nadharia. Hakikisha tu kwamba shahada unayoitaka imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE), na chuo cha diploma kimesajiliwa na TVETA, mamlaka ya vyuo vya kiufundi.

Katika KUCCPS, huduma ya serikali ya kuwapangia wanafunzi vyuo na kozi, kama ni filamu unayoitaka, iweke ya kwanza. Wengi huitia ya nne baada ya sheria na biashara kumridhisha mjomba fulani, kisha wanashangaa kupelekwa kwingine.

2. Nenda chuoni siku ya kawaida, uitafute stoo

Siku ya wageni utaonyeshwa kamera kubwa juu ya meza yenye kitambaa. Wewe nenda Jumanne asubuhi, bila kualikwa, uulize stoo ya vifaa iko wapi. Mtunza stoo anajua mengi ambayo ofisi ya usajili haiwezi kukuambia, na wanafunzi wa mwaka wa tatu wanajua hata zaidi. Waulize hivi: mwanafunzi wa mwaka wa pili anaruhusiwa kutoka na kamera wikendi? Darasa lina watu wangapi, na kamera zinazowaka ni ngapi? Kitu kikiharibika nani hulipa? Hili la wikendi ndilo kubwa kuliko yote. Kamera isiyoruhusiwa kupita getini ni pambo, na filamu haishutiwi kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi jioni ndani ya ua wa chuo.

Uliza pia haki za filamu ya mwanafunzi ni za nani. Kuna vyuo vinavyodai filamu iliyotengenezwa kwa vifaa vyao kuwa ni mali yao, na kuna vinavyokuachia. Pata jibu kwa maandishi.

Mwisho, omba kuonyeshwa filamu tatu za waliohitimu mwaka uliopita, kisha ufumbe macho usikilize. Picha nzuri siku hizi hata simu inatoa. Ukisikia upepo kwenye maiki, sauti inayopanda na kushuka kila picha inapobadilika, au muziki uliomwagwa juu ya mazungumzo ili kuficha makosa, basi sauti haifundishwi pale, na utalazimika kujifunza mwenyewe.

3. Pesa: acha kamera kwanza

Omba mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, mapema na ufuate masharti ya ufadhili wa serikali kama ulivyoelekezwa na chuo chako. Jambo ambalo halimo kwenye karatasi ya karo ni gharama za kutengeneza filamu zenyewe: nauli za watu sita, chakula, betri, mavazi, na teksi ya kurudisha vifaa usiku, kwa sababu kubeba begi la kamera ya chuo ndani ya matatu saa tatu usiku ni kumtafutia mzazi wako deni.

Usinunue kamera mwaka wa kwanza. Kamera zinazeeka haraka, na stoo ipo. Nunua hedifoni za kufunika masikio, memori kadi mbili nzuri, na diski mbili za nje. Ndiyo, mbili. Ukienda Luthuli Avenue kununua memori kadi, fahamu kwamba kadi bandia zipo na zinafanana na halisi hadi kwenye maandishi ya boksi. Kadi imeandikwa GB 128, kumbe ndani ina GB 8. Inaendelea kurekodi kana kwamba kila kitu ni shwari, halafu faili zinakataa kufunguka jioni. Ijaze data yote ukitumia programu ya bure kama H2testw siku ile ile uliyoinunua, ukiwa bado na risiti mkononi.

Kadiria pia nafasi. Kamera ikirekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde, dakika moja inakula karibu MB 750, kwa hivyo kadi ya GB 64 inakupa chini ya saa moja na nusu. Mahojiano ya filamu moja ya makala, yaani ya watu na mambo halisi, yanaweza kuimaliza kabla ya chai.

4. Mwanga wa Nairobi, umeme wa Nairobi, kelele za Nairobi

Hapa ndipo mafunzo mengi ya mtandaoni yanakuacha, maana yametengenezwa kwa ajili ya watu wa Los Angeles au London.

Anza na umeme. Umeme wa Kenya una mzunguko wa hezi 50, wa Marekani ni 60. Ukiweka kamera kwenye fremu 30 kwa sekunde na shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) ya 1/60 ya sekunde kama Mmarekani alivyokuambia, taa nyingi za ndani, hasa mirija ya dukani na LED za bei nafuu, zitatoa mistari inayotambaa kwenye picha. Weka fremu 25 na shata 1/50, na mistari hiyo mara nyingi itatoweka. Kwenye kioo kidogo cha kamera hutaiona vizuri, kwa hivyo rekodi sekunde tano, uzitazame kwenye kompyuta kabla waigizaji hawajafika.

Kuhusu jua: sisi tuko digrii 1 na kitu tu kusini mwa ikweta. Jua huchomoza kwa haraka, na ile rangi ya dhahabu ambayo wenzetu wa kaskazini huifaidi kwa saa nzima, hapa inapita kabla hujamaliza kubadilisha lenzi. Panga picha zako za nje kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili asubuhi, au baada ya saa kumi na moja jioni. Saa sita na nusu mchana jua liko karibu na utosi mwaka mzima, macho ya mwigizaji yanageuka mashimo mawili meusi, na watu wenye ngozi nyeusi wanapoteza sura kabisa kwenye picha. Wakati huo ingieni ndani, au nendeni kwenye kivuli cha jengo na mpime mwanga kwa uso wa mtu, si kwa anga iliyo nyuma yake. Julai na Agosti, wakati wakazi wa Nairobi wanalalamikia baridi na mawingu, sisi tunashukuru: mawingu yale ni taa laini ya bure kutoka asubuhi hadi jioni. Machi hadi Mei ni masika, kwa hivyo kila ratiba iwe na eneo la ndani la akiba. Na eneo hilo lisiwe chini ya mabati.

Kelele ni somo jingine. Kabla ya kuchagua nyumba ya kushutia, nenda pale saa ile ile mtakayoshuti, siku ile ile ya wiki, ukae kimya dakika kumi. Utagundua kanisa lenye spika zinazoelekea dirishani, stendi ya boda, fundi wa kuchomelea vyuma, na jirani mwenye jogoo. Chumba kizuri machoni na kibaya masikioni ni chumba kibaya.

Halafu kuna friji. Inanguruma chini chini, sikio lako linaizoea, maiki haiizoei. Lazima uombe:

"Shosho (bibi), tunaomba tuzime friji dakika ishirini tu."

"Na maziwa yangu?"

"Hayataharibika, shosho. Tukimaliza tunaiwasha mara moja."

Sasa ili usisahau kuiwasha, weka funguo za nyumba yako ndani ya friji hiyo. Huwezi kufika kwako bila kuifungua tena. Ni ujanja wa zamani wa watu wa sauti, na umeokoa maziwa mengi.

Kabla ya kuondoka katika kila chumba, mwombe kila mtu anyamaze sekunde 30 urekodi ukimya wa chumba chenyewe. Mhariri ataziba nao mapengo kati ya maneno. Mazungumzo yenyewe yawe yanafika kwenye -12 dB hivi kwenye kipimo cha sauti cha kamera au rekoda, ili mwigizaji akipaza sauti ghafla isikatike. Maiki iwe karibu na mdomo kadiri fremu inavyoruhusu. Maiki ghali iliyo mbali inashindwa na ya bei nafuu iliyo karibu.

5. Vibali na heshima

Chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura 222, filamu inayokusudiwa kuonyeshwa hadharani au kuuzwa inahitaji leseni ya kushuti, na inayotoa leseni hiyo ni KFCB, bodi ya kuainisha filamu. Zoezi la darasani litakaloishia kwa mhadhiri ni jambo moja. Filamu unayotaka ionekane kwenye tamasha ni jingine, na vibali vyake ni bora uvitafute kabla, si baada. Bodi hiyo hiyo ndiyo inayoainisha filamu, kuanzia ya kila mtu hadi ya 18, kabla haijaonyeshwa kwa umma.

Katikati ya jiji, kamera iliyowekwa kwenye tripodi huwaita askari wa kaunti haraka kuliko moto. Beba barua ya chuo yenye muhuri na tarehe, nakala ya leseni, na kitambulisho cha mwanafunzi, vyote kwenye bahasha moja anayoishika mtu mmoja, na mtu huyo asiwe mwelekezi. Mwelekezi akianza kujadiliana na askari, mwanga unakwisha. Kambi za jeshi, Ikulu na maeneo mengine yanayolindwa, usielekeze kamera huko hata kwa mzaha. Droni ina sheria zake za tangu 2020 na idhini yake hutoka kwa KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Bila hiyo, panda ghorofa ya juu ukashuti kwa dirisha.

Mtaani, ruhusa ya karatasi haitoshi. Mtafute chifu au mzee wa mtaa siku kadhaa kabla, umsalimie, umweleze mnachofanya na mtakuwa wangapi. Mkiwa Kibera, Mathare au Kayole, vijana wa eneo wakipewa kazi ya kweli, kama kulinda vifaa au kuzuia watu wasipite mbele ya kamera, siku inakwenda vizuri. Walipeni mlichokubaliana, siku hiyo hiyo. Na kila anayeonekana kwa uso na kuzungumza atie sahihi fomu ya ridhaa. Mtoto atiliwe na mzazi au mlezi.

Muziki: wimbo wa msanii maarufu hauwi halali kwa sababu umeandika jina lake mwishoni. Mtafute mwanafunzi wa muziki, mwandikiane mkataba wa ukurasa mmoja.

6. Kila mtu ni mwelekezi, basi wewe jifunze kingine pia

Darasa la filamu lina kawaida moja: mwaka wa kwanza karibu wote wanataka kuelekeza. Mwenye akili anachagua kazi ya pili mapema na kuijua kuliko wote. Sauti ndiyo njia fupi kuliko zote ya kuitwa kwenye kila shuti, kwa sababu haina ushindani. Utayarishaji ni wa pili: yule anayejua bei ya kila kitu, anayeandika ratiba ya siku yenye saa, mahali, nambari za simu na jina la hospitali iliyo karibu, na kuituma jioni kabla ya saa moja. Uhariri unalipa kabla hujahitimu. Harusi, makanisa na kampuni ndogo hutafuta wahariri kila wiki.

Usidharau harusi. Harusi haina "rudia tena", na anayeweza kunasa pete ikivishwa huku mjomba amesimama mbele ya lenzi, ataweza makala yoyote.

Na lisheni watu. Hamna hela ya kulipa kikosi, sawa, lakini chai na mandazi saa nne na chakula cha moto saa saba hakiepukiki. Kikosi chenye njaa huanza kukubali picha mbovu.

7. Faili

Mtu mmoja tu anagusa kadi zilizojaa. Nakili kwenye diski mbili, fungua faili kadhaa uone zinacheza, ndipo kadi ifutwe. Diski hizo mbili zisisafiri kwenye begi moja.

8. Toka nje ya geti

Goethe-Institut na Alliance Française, vituo vya utamaduni vya Ujerumani na Ufaransa, zote ziko mjini kati na huonyesha filamu, mara nyingi bila kiingilio au kwa bei nafuu. Unseen, sinema ndogo upande wa Kilimani, huonyesha filamu za Kiafrika ambazo hutaziona kwenye sinema za maduka makubwa. Baada ya filamu, usikimbilie matatu: mwelekezi mara nyingi yupo pale, na kumuuliza swali moja zuri kuhusu kazi yake kunafaa kuliko kumtumia jumbe ishirini. Wa makala wafuatilie Docubox, mfuko wa filamu za makala wa Afrika Mashariki ulioko hapa hapa Nairobi. Kenya Film Commission huandaa tuzo za Kalasha, na inafaa ujue ratiba yake.

Kwa atachimenti, yale mafunzo ya kazini, wengi hukimbilia vituo vikubwa vya televisheni na kuishia kukunja nyaya. Kampuni ndogo ya watu watano itakuchosha zaidi na kukufundisha zaidi. Wengine hudharau Riverwood, zile filamu za haraka na za bei rahisi za River Road, lakini kule utajifunza kumaliza filamu kwa siku chache na kuiuza kwa mtu anayelipa kwa pesa yake mwenyewe. Hakuna mhadhiri anayeweza kukupa mtihani wa namna hiyo.

9. Filamu ya kuhitimu

Andika fupi. Ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja, na kurasa 10 zilizotengenezwa vizuri zinashinda 30 zilizokimbizwa. Waigizaji wawili au watatu, maeneo mawili, na hadithi unayoijua kuliko mhadhiri wako. *Watu Wote*, filamu fupi ya 2017 kuhusu shambulizi la basi la Mandera, ilikuwa kazi ya kuhitimu ya wanafunzi wa Hamburg Media School ya Ujerumani, iliyoshutiwa Kenya na waigizaji wa hapa, kwa Kiswahili na Kisomali. Ilifika hadi orodha ya mwisho ya Oscar mwaka 2018. Hadithi ilikuwa yetu, na tuliisoma kwenye magazeti sote. Waliokuja kuitengeneza walikuwa wanafunzi wa nchi nyingine.

Gawa bajeti ukiwa umetenga sehemu ya baada ya shuti kabla ya kutumia shilingi ya kwanza. Filamu nyingi za wanafunzi hufia hapo: zimeshutiwa, zimekatwa nusu, na mhariri amepata kazi kwingine.

Ikikamilika, usiipandishe YouTube usiku huo. Matamasha mengi hukataa au hushusha thamani ya filamu ambayo tayari iko hadharani. Tengeneza manukuu ya Kiingereza, na umpe mtu asiyejua Sheng ayasome kabla hujayabandika kwenye picha moja kwa moja. Kisha toa nakala mbili za sauti: moja kamili, na nyingine ambayo muziki, mazungumzo na kelele za mazingira vimetenganishwa. Televisheni ikiitaka filamu mwaka ujao lakini haina leseni ya muziki wako, utabadilisha muziki peke yake bila kufungua mradi wote upya, na huenda wakati huo hata kompyuta uliyohariria haitakuwa yako tena.